Msumeno Ulioungua Mwezi wa Tatu

Nina mdomo. Kijiji kizima kinajua, na mimi ndiye wa kwanza kukubali, kwa hiyo tusipoteze muda hapo. Marehemu mume wangu Olavi alikuwa akisema kwamba huku Kainuu, kaskazini mwa Ufini, kila mtu husema neno moja kwa siku, na mimi nimeletwa kufidia upungufu. Kisa hiki ni cha siku nilipomtukana mtu aliyekuja kunisaidia bure, tena nikamtukana mezani kwangu, kijiko chake kikiwa njiani kwenda mdomoni.

Dhoruba ya mwezi wa kumi na mbili iliangusha misonobari yangu ng'ambo ya kinamasi. Msitu ule tuliupanda mimi na Olavi mwaka tuliooana, mche mmoja mmoja kwa mkono, migongo ikituuma na mbu wakitula wazimawazima. Mti ukianguka si msiba, gogo ni gogo. Msiba ni kuuacha pale. Ukifika mwezi wa sita mbawakawa wa gome hutaga mayai ndani ya msonobari uliolala, na watoto wao wakishatoka huhamia kwenye miti iliyosimama. Nimewahi kuona kilima kizima kikigeuka rangi ya kutu kwa mtindo huo. Na magogo yangu yana njia moja tu ya kutokea, juu ya kinamasi kilichoganda. Mwezi wa nne barafu ikilainika, trekta halipiti tena mpaka baridi nyingine. Kwa hiyo ama magogo yavuke upesi, ama nikae dirishani nitazame msitu wetu ukiliwa.

Nikaitisha msaragambo Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tatu. Kwetu msaragambo hauna malipo. Mwenye shughuli anapika, wanaokuja wanafanya kazi, na siku yao ikifika naye anakwenda. Walikuja watatu. Pertti alikuja na trekta lake. Seija wa dukani, shoga yangu tangu darasa la kwanza, alikuja na mikono mitupu kwa sababu msumeno wake wa injini ulikuwa umekatika mnyororo. Wa tatu alikuwa Tauno Määttä, jirani yangu wa upande wa ziwa, aliyekata miti miaka thelathini na mitano na sasa hutengeneza misumeno ya kila mtu. Tauno akampa Seija msumeno wake, yeye akachukua wangu. Mimi nikabaki na sufuria ya supu ya njegere.

Siku ilikuwa nzuri ajabu. Usiku kulikuwa na baridi ya kuuma, lakini kufika saa nne asubuhi jua lilikuwa linachoma, theluji inadondoka kutoka paani, nami nimevua sweta. Tauno akaja kunywa kahawa, akasimama mlangoni.

"Irja, msumeno wako una joto."

"Ni msumeno, Tauno, si jokofu. Kunywa kahawa urudi kazini."

Akatumbukiza kipande cha jibini la kuoka ndani ya kahawa, kama tunavyofanya sote huku, akala, akarudi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la siku, nami nikalitupa nje pamoja na machicha ya kahawa.

Saa sita kasoro wakaja kula. Tauno alikuwa ameubeba msumeno wangu kwa mikono miwili, kama kondoo mgonjwa. Akauweka barazani taratibu.

"Umezimika," akasema.

"Umezimika vipi? Juzi ulikuwa unakata kama wembe!"

Akanawa, akakaa. Nikachungulia nje, na pale kwenye kigari cha theluji nikaona mikebe yangu miwili ya petroli. Mwekundu una petroli tupu, ya mashine ya kusukumia theluji. Wa kijani una petroli iliyochanganywa na oili, ya msumeno, kwa maana injini ya msumeno hunywa oili yake humo humo kwenye petroli. Ukiinyima oili, umeiua. Mkebe mwekundu ulikuwa mbele, kifuniko kimelegea. Basi, kichwa changu kikamaliza kesi palepale, bila shahidi.

"Umetia petroli tupu!" nikasema, mwiko wa supu mkononi. "Sema tu, Tauno! Miaka thelathini na mitano msituni na bado hujui mkebe na mkebe? Kama macho yamechoka, kaa nyumbani ufume soksi!"

Pertti akatazama supu yake. Seija akanitazama mimi. Tauno aliweka kijiko chini, polepole, kando ya sahani.

"Asante kwa chakula," akasema. Akachukua kofia yake, akaondoka. Hakuubamiza hata mlango.

"Irja," Seija akasema. "Mtu kaja bure."

"Na kaniulia msumeno bure!"

Niliona nimejibu vizuri sana. Nusu saa baadaye nilikuwa peke yangu na sufuria ya watu wanne. Pertti alisema trekta linahitaji grisi. Seija hakusema kitu, alivaa buti zake tu, na kwa Seija kunyamaza ni tusi. Ng'ambo ya kinamasi misonobari thelathini na minne ilikuwa bado imelala.

Jumatatu nikapiga simu kwa fundi wa mjini. Akaniambia wiki tatu. Nikamuuliza kama anaweza kuiambia barafu isubiri wiki tatu, akasema hapana, mama, kwaheri. Nikajaribu kuvuta kamba ya kuwashia, ikaja laini bila ubishi wowote, kama kuvuta uzi kutoka kwenye soksi. Mtu yeyote wa huku anajua maana yake. Nguvu ya injini imekwenda.

Jumanne nikameza kiburi changu, ingawa si chote. Nikaoka mkate mweusi wa nafaka ya rai, nikaufunga msumeno kwenye kiti cha kigari changu cha theluji cha kusukuma kwa mguu, nikateleza barabarani mpaka kwa Tauno. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nitamwambia, uliyeharibu ndiye utakayetengeneza. Kuomba radhi hakukuwemo kwenye mpango.

Tauno alikuwa kwenye karakana yake, kibanda chenye jiko la kuni na harufu ya oili. Akautazama mkate, akautazama msumeno, akanitazama mimi mwisho.

"Weka hapo," akasema.

"Barafu ina wiki moja," nikasema. "Labda siku kumi."

"Najua."

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuushika msumeno kwa mpini wa kamba na kuuacha uning'inie. Msumeno mzima hushuka kidogokidogo kwa kushtukashtuka, kwa sababu hewa iliyobanwa ndani ya silinda inaukatalia. Wangu ulishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani.

"Mm," akasema Tauno.

Kisha akafungua ekzosi, akaiweka pembeni. Pale ilipokuwa pakabaki tundu, na nyuma ya tundu ndipo pistoni inapopita. Akanipa tochi.

"Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Pistoni inatakiwa kung'aa. Yangu ilikuwa na michirizi kutoka juu hadi chini, mirefu, ya kijivu, kama ya kucha za paka aliyefungiwa humo akikwaruza atoke.

"Imekwisha," nikasema. "Ndiyo hiyo kazi ya petroli tupu."

Tauno akachukua karatasi nyeupe, akaufungua mfuniko wa tangi la msumeno, akadondosha matone mawili. Akaiweka juu ya benchi. Wakati tunasubiri, alikata mkate wangu, akapaka siagi, akala kipande kizima bila haraka. Nilitaka kumtikisa. Petroli ikakauka, na juu ya karatasi likabaki doa la mafuta linalopenyesha mwanga, kubwa kama sarafu.

"Oili ipo," akasema.

Nikaishika ile karatasi nikaielekeza dirishani. Oili ilikuwepo. Nikaona masikio yananiwaka.

"Labda ni kidogo," nikasema.

"Ngoja."

Akafungua skrubu nne, akaing'oa silinda. Sasa pistoni ilikuwa wazi, tunaiona yote. Akaigeuza kwa kidole. Upande wa ekzosi ulikuwa umechubuka vibaya. Upande wa pili, unakoingilia petroli, ulikuwa safi kabisa, hata mistari midogo ya kiwandani bado inasomeka.

"Ukikosa oili," akasema, na hapa nataka mjue kwamba sikuwahi kumsikia Tauno akisema maneno mengi hivi tangu mazishi ya Olavi, "inachubuka pande zote. Haichagui. Hii imechubuka upande wa ekzosi tu. Upande wa ekzosi ndio wa moto. Hili ni joto, Irja."

"Joto limetoka wapi?"

"Ndilo tunalolitafuta."

Akaziba matundu ya injini, akapuliza hewa ndani kwa pampu ndogo, akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Kama kuna mahali panavuja, alisema, injini inavuta hewa nyingi na petroli kidogo, ikaungua. Tukakodoa macho wote wawili, vichwa vimekaribiana. Hakuna povu lililofura. Akageuza silinda, akanionyesha mapezi yake ya kupoozea. Kati ya pezi na pezi kulikuwa na unga wa mbao uliogandamana na utomvu, mgumu kama ugali wa jana. Sikuwa nimeyasafisha tangu mwaka mpya.

"Hili moja," akasema.

Kisha akachukua kifuniko cha juu cha msumeno, akakipindua, akakisukuma mbele yangu juu ya benchi.

Ndani ya kifuniko kuna kidude cha plastiki, kidogo kama kucha. Upande mmoja kimechorwa jua, upande mwingine chembe ya theluji. Baridi kali ikija unakigeuza kwenye theluji, na joto la silinda linapulizwa kwenye kabureta isigande. Siku zikianza kupata joto unakirudisha kwenye jua. Ukikisahau, injini inapumua hewa yake yenyewe ya moto, mchana kutwa. Watoto wetu wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mimi nilikigeuza kwenye theluji mwezi wa kumi na moja, kwa mkono wangu huu. Na pale kilikuwa bado kwenye theluji, Jumamosi ile niliyovua sweta.

Nyani haoni kundule. Niliketi juu ya kigogo cha kupasulia kuni, kifuniko mapajani. Mimi!

"Uliniambia," nikasema hatimaye. "Saa nne. Uliniambia una joto."

"Nilikuambia."

"Ulikuwa umeshakiona hiki?"

"Ulipozimika nilifungua kifuniko. Nikakiona."

"Ulikiona!" Nikasimama. "Ulikaa mezani kwangu unajua kosa ni langu, nikakutukana mbele ya watu, nawe ukanyamaza? Kwa nini hukusema, wewe mtu?"

Akakuna shingo. "Mezani kwako? Mbele ya watu?"

Akasema hivyo tu, akainama kutafuta spana.

Nimeshapigwa maneno maishani, nami nimepiga zaidi. Lakini hakuna lililonipiga kama lile. Yeye alinisitiri nyumbani kwangu, na mimi kwa mdomo huu huu nikamvua nguo. Nikalia. Najua hatulii huku, na hasa hatulii karakanani, lakini nililia, na Tauno akatazama jiko la kuni kama vile limemwita.

"Nisamehe," nikasema. "Tauno, nisamehe."

"Silinda imepona," akajibu.

Ndivyo anavyosamehe yeye. Akanionyesha. Ule uchafu wa kijivu ndani ya silinda haukuwa mkwaruzo, ulikuwa alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikagandia ukutani. Ngozi ngumu ya silinda chini yake ilikuwa nzima. Akanieleza kwamba alisikia sauti ikibadilika, injini ikichoka katikati ya gogo, akaachia kifyatuo cha petroli papo hapo na kuutoa msumeno. Angelazimisha dakika moja zaidi, silinda ingekwenda na pistoni, na msumeno wenyewe ungebaki wa kutupwa. Mimi ningelazimisha. Najijua. Ningekaza meno nikamalizia lile gogo. Kwa hiyo msumeno wangu ulikuwa hai kwa sababu ulikuwa mikononi mwa yule niliyemwambia akafume soksi.

Tukafanya kazi siku mbili. Alivaa glavu, akachovya pamba kwenye asidi, akagusa alumini ile kidogokidogo, nayo ikatoa povu jeupe na kunong'ona. Aliniambia povu likikoma, alumini imekwisha, uache hapo hapo. Akasuuza kwa maji mengi, akapitisha msasa laini kwa mshazari mpaka ukuta ukawa sawa chini ya kidole. Nilipewa kazi ya mapezi. Niliyachokonoa kwa kijiti, moja moja, na hakuna aliyewahi kusafisha mapezi kwa toba kama ile.

Pistoni aliitoa kwenye kabati, mpya, bado imo kwenye karatasi yake ya mafuta. Misumeno yetu ni ya aina moja. Aliinunua mwaka juzi kwa ajili ya wake, siku ukija kuhitaji.

"Sasa wako ukiharibika?" nikauliza.

"Wangu naugeuza kwenye jua," akasema. Ndipo nikajua tumepatana, kwa sababu Tauno hamtanii mtu aliyemkasirikia.

Akavisha ringi, akapaka oili kwa kidole, akaishusha silinda juu ya pistoni taratibu. Akakaza skrubu kwa kukingamisha, hii kisha ile ya upande wa pili. Gasketi mpya, ekzosi mahali pake. Kidude cha plastiki akaniachia nikigeuze mwenyewe. Nilikigeuza kwenye jua, kikalia tik. Nje ya karakana msumeno uliwaka mvuto wa nne. Akasikiliza, akaizungusha skrubu ya kabureta robo kuongeza petroli, mpaka sauti ya juu ikawa nzito kidogo, ya kukoroma.

"Tangi mbili za kwanza usiukamue," akasema.

"Nitaubembeleza kama mtoto."

"Tutaona."

Ilibaki sehemu ngumu. Alhamisi nikapiga simu kwa Pertti, kisha kwa Seija. Nikawaambia Jumamosi kuna msaragambo tena na kwamba Tauno anakuja. Seija akauliza, "Anakuja kwa hiari?"

Jumamosi walifika saa moja asubuhi. Sikungoja mchana. Kabla hawajashika kitu niliwasimamisha uani, Pertti mguu mmoja tayari kwenye trekta, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani.

"Wiki iliyopita nilimwambia Tauno ametia petroli tupu. Si kweli. Mimi niliuacha msumeno kwenye theluji na jua linawaka. Mapezi yalijaa uchafu wangu. Niliuunguza mimi, na yeye ndiye aliyeuokoa, na alijua siku ile ile akanyamaza ili nisiaibike. Tauno, nisamehe mbele ya hawa, kama nilivyokukosea mbele yao."

Theluji ilianguka kutoka tawini.

"Kwenye theluji?" Pertti akauliza taratibu. "Mwezi wa tatu?"

"Kwenye theluji, Pertti."

"Hata mama mkwe wangu hawezi..."

"Irja kaomba radhi!" Seija akapiga kelele. "Jamani, tarehe ngapi leo? Nitaiandika mlangoni dukani!"

Wakacheka mpaka Pertti akashika usukani asianguke. Mimi nikawaacha wacheke, kwa sababu nilistahili, na kwa sababu ilikuwa raha kusikia kicheko uani kwangu. Tauno alivuta kofia yake chini mpaka kwenye nyusi na kwenda kuchukua msumeno. Alichukua wangu.

Tulikata siku tatu, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, Seija akafunga duka. Mchana wa Jumatatu maji yalikuwa tayari yamesimama kwenye nyayo za trekta katikati ya kinamasi. Pertti alivuka na mzigo wa mwisho mlango ukiwa wazi, tayari kuruka, barafu ikiguna chini yake. Sisi tulisimama ukingoni hatupumui. Alipopanda nchi kavu alipiga honi mara tano, na Seija akanikumbatia, akaninyanyua.

Nilimkuta Tauno amebaki nyuma, anausafisha msumeno wangu kwa brashi, pezi kwa pezi. Nyuma yake misonobari yetu iliyosalimika ilisimama, mia na zaidi, mizima.

"Ungeweza kuniacha," nikamwambia. "Hakuna ambaye angekulaumu."

"Msitu wangu umepakana na wako. Wadudu wangekuja kwangu."

"Ndiyo sababu?"

Akafikiri. Akapuliza unga wa mbao kwenye kifuniko, akaangalia kidude kama kiko kwenye jua, akafunga.

"Hapana," akasema. "Olavi alinifundisha kazi hii. Siku ya kwanza niliunguza msumeno wake. Hakumwambia mtu."

Miaka thelathini na minne nililala na Olavi kitanda kimoja, nami sikuwahi kulisikia hilo. Nilimshukuru Tauno kwa sauti, kisha nikamshukuru na Olavi, na Tauno akasubiri nimalize kabla ya kunikabidhi msumeno wangu.